Samli ya Landrova

Juzi mjukuu wangu Neema alisimamisha gari lake hapa kwangu Nyasho, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Nikasikia ile harufu ya kuungua, nikarudi mtoto, Butiama.

Baba alikuwaga na Landrova kuukuu. Mchana ule alipikicha oili kwa vidole, akanusa. Mama alikuwa amekaribia kujifungua, na kesho yake alitakiwa afikishwe hospitali Musoma.

"Weusi tu si shida," baba akamwambia. "Lakini hii imeungua, ina chengachenga. Injini itakufa njiani. Na madukani oili hakuna."

Mimi nilijua dawa. Kwetu ng'ombe akivimba tumbo tulimnywesha samli. Nikabeba kibuyu cha mama, nikaanza kufungua kifuniko cha injini.

Baba akanidaka mkono. "We Wakuru! Unataka kuua gari?"

"Si linaumwa tumbo, baba?"

Mama alicheka mpaka akashikilia tumbo lake. Baba hakucheka. Alikitazama kile kibuyu, maana samli nayo ilikuwa imeadimika, akapanda nacho baiskeli. Jioni akarudi na dumu la oili, wamebadilishana na dereva wa lori la pamba.

Mdogo wangu akazaliwa Musoma, mzima, analia kwa nguvu.

Neema akaniuliza, "Bibi, hii oili haiwezi kusubiri mwisho wa mwezi?"

Nikaipikicha mwenyewe. Chengachenga zilezile.

"Badilisha leo," nikamwambia. "Siku hizi madukani hawadai samli."