Kauli Mbili za Bulaimu

Mimi nilimshuku Bulaimu tangu alipojenga karibu nasi hapa Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka Kindu. Mtu aliyetekwa utotoni kijijini Tunda, akalelewa na wamisheni wa pwani, akarudi na msafara akijua Kiingereza: amerudi kutafuta nini? Akisuka migono ya kuvulia samaki alinong'ona peke yake, "Walirudi. Wamerudi. Watarudi. Wangerudi." Nilipomuuliza, alidai anajizoeza vitenzi vya Kiingereza, maana lugha hiyo ina njia nyingi za kusema jambo limekwisha, na nyingi zaidi za kusema huenda likawa. Sikumwamini hata kidogo. Niliona anaroga.

Mwaka ule akaja Mwingereza, mnunuzi wa pembe. Alitaka wapiga kasia wa kumteremsha mtoni mpaka maporomoko, na mume wangu Sudi aliitwa wa kwanza. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, watarudishwa?

Bulaimu akamuuliza mzungu, akasikiliza, akatuambia, "Anasema atawarudisha."

Kwetu ujumbe mzito husemwa mara mbili: jioni, halafu asubuhi mbele ya msikilizaji mwingine. Kauli zikipishana, mjumbe ni mwongo. Asubuhi ile msikilizaji alikuwa Hamadi, mwenye mitumbwi. Bulaimu alikuja macho mekundu.

"Jana nilikosa," akasema. "Muzungu hakutoa ahadi. Alisema anaweza kuwarudisha, basi. Nimefikiri usiku muzima. Ile neno ya uwezo, mimi niliifanya ahadi."

Hamadi akanigeukia. "Mwanahamisi, weye ulikuwako jana. Alisema nini?"

"Alisema atawarudisha," nikajibu. "Leo anageuza. Huyu njo mwongo. Nani amemutuma?"

Hamadi akamfukuza barazani, na kauli ya kwanza, ile sote tuliyoitaka, ndiyo iliyoshikwa. Moyo wangu ukatulia. Nilimfungia Sudi muhogo wa njiani kwa mikono yangu mwenyewe.

Baada ya miaka miwili alirudi mpiga kasia mmoja tu, amekonda. Alisema kule maporomoko mitumbwi ya kuwarudisha ilikuwapo, na chakula kilikuwapo. Mzungu aliweza kabisa. Hakutaka tu. Aliwabebesha pembe zake kuelekea magharibi, na Sudi akafa kwa homa njiani.

Nilikwenda kwa Bulaimu kumwomba radhi. Siku aliyokosea nilimwamini. Siku aliyojisahihisha nilimwita mwongo, na Sudi akapanda mtumbwi.