Gurudumu Lililoning'inia kwa Kamba

Mkuu wa karakana ya ufundi aliponiomba niketi kando yake siku ya kumjaribu shemeji yangu, nilipaswa kukataa. Sababu nilikuwa nayo: yule ni kaka wa mke wangu. Nilikubali kwa kuwa aliniita msomi.

Ilikuwa hapa Gisenyi, Rwanda, mpakani na Goma ya Kongo, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Shemeji alikuwa fundi wa baiskeli karibu na soko, na wateja wake wengi walikuwa wale wanaoshusha viazi kutoka vilima vya Kanama. Hakuvuka darasa la nne. Mimi nilimaliza sekondari, na mtaani kwetu hilo lilitosha kuulizwa kila kitu.

Jumapili moja baada ya misa tulionyeshwa kanda ya video katika ukumbi wa parokia: watu wakielea ndani ya chombo cha angani. Mmoja aliachia mfuniko wa kopo, akaugusa pembeni kwa kidole. Ukapinduka-pinduka kama mlevi. Kisha akauzungusha kwanza, ndipo akaugusa. Safari hii ulitikisika kidogo tu, ukaendelea kusogea huku uso wake ukielekea kule kule. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Nikasimama, nikasema kule hakuna hewa ya kuusumbua. Wakaridhika.

Kesho yake nilipopita kwenye benchi la shemeji, aliniita mbele ya wateja.

"Shemeji! Kama hakuna hewa mule, wale watu walikuwa wanapumua nini?"

Wakacheka. Akachukua mfuniko wa kopo la rangi, akaurusha juu bila kuuzungusha, ukapinduka. Akaurusha tena akiuzungusha. Ukapanda na kushuka ukiwa umelala vile vile.

"Angalia. Wakati iko juu, nani anaishika? Hakuna mutu. Hapo iko sawa na ile ya video, ila hii yetu itaanguka. Ni kuzunguka ndiyo inafanya kazi, si hewa."

Kisha akatoa kitabu changu cha fizikia, alichokiazima ili aangalie picha. Alikuwa amekifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi kisifunguke. Akakirusha kikizunguka bapa kama sahani: kikatulia. Akakirusha kikizunguka kama mshikaki juu ya moto: kikatulia. Mara ya tatu akakirusha kikipiga sarakasi, kichwa chini miguu juu, nacho kikajigeuza hewani, kikamrudia mkononi mgongo ukiwa mbele.

"Hii njia moja inakataa. Mi sijui sababu. Nimeangalia picha zote. Kitabu yenyewe haijui tabia yake! We ulisoma, utatuambia."

Nilicheka pamoja nao. Sababu sikuijua. Nilijua tu kwamba yeye yuko sahihi, na jambo lile likanikaa rohoni.

Wiki chache baadaye karakana ikatafuta mwalimu wa ufundi. Pamoja na kazi kulikuwa na nyumba ndogo ya matofali. Shemeji, mkewe na watoto watano walikuwa wakilala chumba kimoja uani kwetu. Asubuhi ya majaribio mke wangu alinipigia pasi shati, akasema, "Sikuombi umpendelee kaka yangu. Sema tu utakachoona."

Shemeji alinyoosha rimu iliyopinda upesi kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwona. Mkuu, ambaye alikuwa amerudi kutoka Tanzania, akamwuliza kwa nini gurudumu linalozunguka hushindana na mkono ukitaka kulilaza. Shemeji akaifunga ncha moja ya ekseli kwa kamba iliyoning'inia darini, akalizungusha kwa nguvu, akaachia ncha ya pili. Halikuanguka. Lilibaki wima, limeshikwa upande mmoja tu, likiizunguka kamba polepole. Akaeleza, kwa mfano wa mfuniko, kanda na kitabu, kwamba ni kuzunguka ndiko kunakolishika.

Mkuu akanigeukia. "Haya, msomi. Hii ni sayansi au ni mazingaombwe?"

Gurudumu lilikuwa bado limesimama mbele ya macho yangu.

"Mikono anayo," nikasema. "Lakini maelezo yake si sahihi. Atawapotosha wanafunzi."

 Shemeji alingoja hadi gurudumu likapungua kasi na kuanza kuinama, akalidaka.

"Bon, sawa," alisema. "Shemeji ndiye alisoma."

Kazi akapewa mwingine. Kabla ya mwezi kwisha shemeji alihamia Goma na familia yake. Mke wangu nilimwambia kwamba mkuu alitaka mwenye cheti. Kaka yake hakumwambia lolote. Nadhani alikuwa akiilinda ndoa yetu. Baada ya miaka miwili aliugua, akafa katika chumba cha kupanga, na ni mjane wake aliyemwambia mke wangu yote siku ya mazishi kule Goma.

Mke wangu alirudi kuchukua nguo zake. Aliniuliza swali moja.

"Ulijua kwamba anasema kweli?"

"Nilijua."

Kwa maneno yale niliyomwambia mkuu, shemeji yangu alikosa kazi na nyumba, nami nikampoteza mke. Anaishi Goma na wifi yake mpaka leo. Ni mwendo wa saa moja kwa miguu, na sijawahi kuthubutu kwenda.