Siku Nilipoweka Programu Mpya ya Ng'ombe

Ofisi ya kikundi chetu cha wafugaji iko nje kidogo ya Kaplong, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama majani chai ya jirani. Nilikuwa karani pale. Kazi yangu ilikuwa kuandika habari za ng'ombe wa wanachama: amezaliwa lini, mama yake ni yupi, baba yake ni dume gani, amechanjwa nini. Mwanzoni niliziandika kwenye vitabu vikubwa vya jalada gumu. Baadaye tulinunua kompyuta, na fundi mmoja akahamishia kila kitu kwenye hifadhidata. Akanifundisha kuifungua kwa programu maalum ya kuisimamia, nitafute ng'ombe yeyote ninayemtaka.

Halafu fundi akapata kazi mjini. Kabla ya kuondoka alisasisha hifadhidata yenyewe, lakini ile programu ya kuisimamia aliiacha vilevile. Jumatatu ya kwanza bila yeye, nilipobofya, programu ikakataa. Iliandika kwamba toleo lake ni la zamani mno.

Siku hiyohiyo mama mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi. Mtamba wake, aliyezaliwa baada ya sisi kuacha vitabu, alikuwa kwenye joto, anataka dume, tangu alfajiri. Daktari wa mifugo alikuwa amesimama mlangoni na mtungi wake wa mbegu za madume.

"Nitajie tu baba wa huyo mtamba," daktari akaniambia. "Nisije nikampandisha mbegu ya baba yake mwenyewe."

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alitazama kompyuta kama mtu anayetazama ng'ombe aliyelala na kukataa kuinuka. "Tuibebe tuipeleke mjini," akasema.

"Itakaa huko wiki nzima, mwalimu. Na mtamba wa mama hatangoja hata kesho."

"Sasa tufanye nini?"

"Nipeni mpaka saa nane. Nitaweka programu mpya mwenyewe."

Sikuwa nimewahi kuweka programu yoyote maishani. Nilimpigia fundi, simu ikaita tu.

Nikaanza na jambo moja alilokuwa akinisisitizia: usiguse chochote kabla hujaweka nakala. Nikaweka nakala ya hifadhidata kwenye flashi, nikaichomoa, nikaitia mfukoni. Kisha nikaweka simu dirishani ipate mtandao, nikapakua toleo jipya. Lilikuja polepole sana. Mama akanimiminia chai kutoka kwenye thamosi yangu mwenyewe, kana kwamba mimi ndiye mgeni.

Kompyuta iliniuliza kama nina uhakika nataka kuondoa programu ya zamani. Sikuwa na uhakika. Nikabofya ndiyo.

Programu mpya ilipofunguka, upande wa kushoto, palipokuwa na orodha zetu zote, palikuwa peupe.

"Wameenda wote?" mwenyekiti akauliza kwa sauti ya chini.

Niliomba macho yangu yakiwa wazi, kisha nikasoma tena kilichoandikwa, neno kwa neno. Haikusema ng'ombe wamepotea. Ilisema haijaunganishwa. Nikaelewa: ni programu mpya, haijui hifadhidata inakaa wapi. Lazima ionyeshwe.

Nilikuwa na daftari ambamo nilinakili kila kitu fundi alichokuwa akiandika akifanya kazi. Nikaingiza anwani, jina la mtumiaji, neno la siri. Ikakataa. Nikaangalia vizuri: herufi ya kwanza ilikuwa kubwa. Nikaandika upya, na orodha zikashuka moja baada ya nyingine, ng'ombe wetu wote, mpaka wale niliowaandika kwa kalamu nikiwa bado msichana.

Nikamsomea daktari jina la dume. Akafungua mtungi, akasoma jina la dume kwenye mrija wa mbegu aliokuwa ametayarisha, akatikisa kichwa.

"Ni huyuhuyu," akasema. "Ningeharibu." Akachagua mwingine.

"Kongoi, kongoi mising," mama akanishukuru, akinishika mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa bado saa saba na nusu.

Mwezi uliofuata kikundi cha wafugaji wa upande wa Mogogosiek kiliomba nikafanye kazi kama hiyo kwao. Nilivaa sketi yangu ya kanisani. Mlinzi wa langoni akaniuliza nimekuja kumwona nani.

"Sijaja kumwona mtu," nikamwambia. "Mimi ndiye fundi wa kompyuta."

Akanifungulia lango.