Shati la Mfuga Nyuki

Mama watoto wangu alikuwa ameacha kula. Hospitali alitoka salama, Mungu ashukuriwe, lakini kila sahani anaisukuma. Uji hapana, sato hapana. Siku moja akaniambia, "Labda asali, Baba. Siyo ya chupa. Ile ya kutafuna na masega, kama ya kwetu."

Kwao ni Butiama. Mimi ni mtu wa ziwani, nakaa Mwisenge, Musoma, kazi yangu dagaa na shule niliishia la tatu, kwa hiyo kwenye mambo ya nyuki mnisamehe nikikosea. Ila nilijua kuna familia huko kwao inafuga: baba, mama na binti yao mkubwa. Nikajiandaa. Mtu haendi ukweni ananuka dagaa. Nikaoga, nikajisugua, nikajipaka mafuta ya mjukuu wangu yenye harufu ya maua, nikaongeza na marashi. Zamani nilikuwaga hata na kofia ya kuendea ukweni. Ilizama ziwani, tuiache.

Nikapanda Noah ya abiria, halafu bodaboda. Mizinga yao imetundikwa kwenye miti, ng'ambo ya shamba la mihogo. Baba mwenye nyumba alikuwa ameenda Bunda kupelekea wateja asali. Nikamweleza mama shida yangu.

"Shemeji, tulishavuna. Iliyobaki ni chakula chao wenyewe. Maua yamekauka, tukiwanyang'anya watahama."

Akanionjesha asali ya kwenye ndoo, iliyochujwa, nyekundu kama chai ya rangi. Tamu kweli. Nikasema, "Nzuri, mama. Lakini yeye anataka kutafuna." Sikubembeleza zaidi. Nadhani uso ndio ulibembeleza.

Akatazama kule mizinga iliko. "Kuna mmoja una nguvu. Nitakata kipande cha ukubwa wa kiganja, basi. Tusubiri jua lipoe."

Jua likapoa. Binti akawasha bomba la moshi la kutulizia nyuki, mama akavaa kofia yake yenye wavu. Na mimi, mtu mzima nisiye na kazi, nikasogea nione. Nyuki wakamwacha anayewaibia wakaja kwangu! Nilikimbia nikikata shamba la mihogo katikati, ndala moja nikaiacha nyuma, na wale wawili wanacheka mpaka wameshika magoti.

"Shemeji, umejipaka nini? Unanukia kama bibi harusi!"

"Nilikuwa naficha dagaa."

"Sasa nyuki umewaficha nini? Harufu kali wao hawaitaki kabisa!"

Binti akanikwangua miiba kwa ukucha. Nikapewa maji na sabuni ya kipande, nikaoga upya, nikavaa shati la kazi la baba mwenye nyumba, limekolea moshi na nta. Langu likabaki kwenye kamba. Niliposimama tena pale, mbali kidogo, nyuki wakanipita kama hawanijui. Mama akakata kile kipande, akakitia kwenye bakuli, akafunga mzinga. Nikatoa pochi, akaniangalia vibaya. "Rudisha hiyo. Mpelekee dada yetu."

Nikalala kwao, asubuhi nikarudi Musoma. Mama watoto alikuwa amelala anatazama ukuta. Sijafungua hata bakuli, akageuza kichwa.

"Unanuka moshi wa nyuki."

"Na kuumwa nimeumwa. Angalia sikio."

"Sogea."

Nikajua anataka kuona sikio. Hapana, alishika mkono wa shati akauweka puani, akakaa hivyo. Akasema baba yake alikuwaga anarudi kutoka mizingani na harufu hiyo, na wao watoto wanamkimbilia mlangoni, wameachama midomo. Halafu akaachama na yeye. Nikamwekea sega. Alitafuna polepole, asali ikimchuruzika kidevuni, nta akaitemea kiganjani.

"Ugali upo?"

Niliusonga mwenyewe, ukatoka na madonge. Akaula, akausema vibaya, akaomba tena. Sijawahi kufurahia kusemwa vibaya namna ile.

Shati nimeshalirudisha. Sikulifua, mama watoto alikataza. Nilibeba na ndoo ya dagaa kwa wale watu, maana niwashukuru na nini kingine, na marashi sikugusa. Mama mwenye nyumba alinipokea getini, akaivuta puani harufu ya dagaa.

"Eee," akasema. "Leo shemeji yetu amekuja mwenyewe."