Neno "Uzioshe"

Nilianza kuandika Kiswahili kwa malipo katika chumba nilichopanga na dada yangu hapa Oyugis, nyuma ya fundi wa cherehani. Makala ya kwanza niliyomtumia mhariri wangu, mama mmoja anayeishi Nakuru, ilirudi imejaa alama nyekundu. Nilikuwa nimeandika "kitabu yangu" na "miti kubwa", kama tunavyosema sokoni kila siku. Hakunitukana. Aliandika tu chini kabisa: "Mawazo unayo. Ngeli huna."

Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Kwa karibu mwaka mzima, kila asubuhi kabla ya chai, nilichagua nomino kumi nikazitungia sentensi daftarini. Dada yangu alinisikia nikinong'ona "ukuta huu, kuta hizi" akaniuliza kama nimehamia kanisa jipya. Makosa yakapungua, hadi siku moja kazi ikarudi bila alama hata moja. Siku hiyo tulikunywa chai kwa chapati, na nilijiona mtu.

Ndipo kikundi kimoja cha akina mama wakulima karibu na Ntimaru kikanipa kazi ya kuandika kikaratasi kuhusu kukausha njugu. Wao ni Wakuria, mimi Mjaluo, kwa hiyo lugha inayotukutanisha ni Kiswahili. Niliandika kwa makini, nikakagua kila ngeli mara tatu. Mhariri akasema ni safi. Kikachapishwa.

Baada ya mavuno mwenyekiti wao akanipigia simu. "Mwandishi, hebu njoo. Njugu zinaota ukungu."

Nilifika kesho yake. Mwenyekiti, mama mrefu mwenye sauti ya upole, alinipeleka nyumbani kwa mwenzake mmoja. Njugu zilikuwa zimetandazwa uani, nyingine zimeanza kuwa nyeusi.

"Zilinyeshewa?" nikauliza.

"Hapana," mwenye njugu akajibu. "Niliziosha."

"Zikiwa zimeshakauka?"

"Karatasi yako ndiyo ilisema." Akaitoa kwenye pindo la leso yake, akanisomea polepole: "Njugu zikishakauka, ziondoe kwenye karatasi za nailoni, kisha uzioshe vizuri kabla ya kuanika nyingine."

Nilikichukua kikaratasi nikaisoma sentensi hiyo mwenyewe. Nilikusudia zioshwe zile karatasi za nailoni. Sarufi haikuwa na kosa lolote, lakini njugu ni "zi" na karatasi ni "zi", nami sikuwa nimesema ninazungumzia zipi.

"Hukushangaa, mama?" nikamuuliza.

"Nilishangaa sana. Nikasema, labda huyu amesoma kuliko mimi."

Afadhali angenigombeza. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, nikavua viatu, tukaanza kuchambua. Zilizoharibika zilizikwa. Kwa bahati nzuri alikuwa ameosha debe moja tu, na nyingi zilikuwa bado nzima. Tulizitandaza upya juani.

Mchana, tukingoja zikauke, nilitoa kalamu nikamwomba asome kikaratasi chote kwa sauti. Alipokwama, nilikata. Sentensi moja ilimshinda katikati, akacheka. "Hii nayo! Nimefika mwisho nimesahau ilianza wapi." Nikaigawa mara tatu. Mwenyekiti naye akauliza kwa nini nimeandika "unyevunyevu uliosalia" badala ya "maji". Nikakiri kwamba lilinipendeza tu. Tukaandika "maji". Kwenye ile sentensi yenye kosa tukaweka: "Osha karatasi za nailoni. Usioshe njugu."

Nilimtumia mhariri toleo jipya na kumweleza yote. Akanipigia, jambo asilofanya mara kwa mara. "Hata mimi niliipitisha," alisema. "Niliangalia ngeli, sikuangalia njugu." Tukacheka wote wawili, yeye kwa aibu kidogo.

Kikaratasi kipya kimebandikwa kwenye mlango wa ghala la kikundi, na mavuno yaliyofuata yalikauka vizuri. Daftari la ngeli bado ninalo, na bado nahitaji kulifungua. Lakini nikimaliza kuandika sasa, humtafuta kwanza mtu asiyejua nilichotaka kusema. Mara nyingi huwa ni fundi wa cherehani, ambaye husimamisha mashine, hunisomea, kisha huniambia bila kuficha mahali alipopotea.