Swichi ya mama ilikuwa inapiga ikizimwa tu, ukoo ukaitisha kikao kujadili akili zake

Wakuu, salamu kutoka Same. Jua lipo palepale mlipoliacha.

Hili ninaloandika limetokea nyumbani kwetu, nikiona kwa macho yangu. Mashahidi wapo kumi na wanne na muhtasari wa kikao upo. Ndiyo, muhtasari. Subirini.

Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo hapa mjini. Sio fundi umeme. Nina testa moja tu, ile ya kama bisibisi yenye kataa kadogo ndani, na nilinunua kwa sababu soketi za fremu ya duka langu siziamini hata kidogo.

Mama yetu anaishi peke yake kijijini, juu kabisa, ukipandia Makanya. Chini pale ni vumbi na joto, unapanda weee, ukifika umeshavaa sweta na ukungu unaingia mpaka jikoni. Baba alishatangulia. Mama ana migomba yake, kahawa kidogo, na mbuzi wawili aliowapa majina ya wakwe zake. Hilo tuliache.

Sasa Krismasi iliyopita panya walitafuna waya wa taa ya sebuleni. Kaka yangu mkubwa, Eliakimu, ana duka la vifaa vya ujenzi Hedaru. Mtu akiuza swichi miaka mingi anaanza kujiona fundi. Akapanda darini, akavuta waya mpya, akafunga swichi na holda ya balbu, taa ikawaka. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, Mungu anisamehe.

Masika yalipoanza, mama akanipigia simu.

"Mwanangu, hii swichi inanipiga."

Nikamwambia asiiguse na mikono yenye maji.

"Maji gani? Inanipiga ikiwa imezimwa. Ikiwa inawaka haina neno na mtu."

Nikacheka, wakuu. Wiki iliyofuata akaja na jipya: siku za ukungu taa inamchungulia. Anaizima, halafu inabaki na kamwanga kadogo, kama jicho la mtu anayejifanya kalala.

Mama sio mtu wa kulialia. Alichukua mwiko mpya wa ugali, mkavu, akautundika kwenye msumari pembeni ya swichi. Kuwasha mwiko, kuzima mwiko. Mgeni akiingia anakabidhiwa mwiko kabla ya kuonyeshwa kiti. Mchungaji alipokuja kusali naye alibonyeza swichi kwa mwiko, akashukuru, akaendelea na sala.

Habari zikamfikia kaka. Akaandika kwenye grupu la familia: "Taa iliyozimwa haiwezi kupiga mtu. Mama uzee umemwingia, anaongea na swichi. Namleta Hedaru nikae naye." 

Kumtoa mama kwenye migomba yake umpeleke Hedaru, kwenye lile joto na malori yanayopiga honi mchana kutwa, ni kumuua taratibu. Alilia kwenye simu. Mama yangu sijawahi kumsikia akilia tangu msiba wa baba. Nilijisikia vibaya mno, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini kuwa akili zinaenda.

Kwa hiyo tukaitisha kikao cha ukoo.

Najua mnavyotutania sisi Wapare, kwamba mtu atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Ni uongo na tunaweza kuwashtaki. Ila kusema ukweli, swichi moja, watu kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuja na bisibisi. Niliyekuja na testa ni mimi.

Mwenyekiti alikuwa baba mdogo Elinihaki. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na ugonjwa huo haujamtoka. Alifungua daftari, akaandika ajenda: moja, kufungua, mbili, akili za mama, tatu, mengineyo.

Mama mwenyewe alikuwa jikoni anatupikia makande. Kikao cha kujadili kama ana wazimu, na makande anapika yeye!

Nje kaka alikuwa ameshakuja na kirikuu cha kubebea kitanda cha mama. Dereva wake alikuwa amelala kwenye usukani.

Nikanyoosha mkono. Nikasema jamani, kabla ya yote, naomba niipime hiyo swichi kwa testa, ni dakika moja tu.

"Kielelezo hakiguswi kabla ya ushahidi," mwenyekiti akasema. "Keti."

Nikaketi. Mama akaitwa, akaja anafuta mikono kwenye kanga, akaeleza yote kwa utulivu: ikizimwa inapiga, ikiwashwa imetulia, ukungu ukija inachungulia. Shangazi mmoja akaanza kunong'ona dua.

Kaka akasimama. Ana mwili na sauti, na siku hiyo alivaa koti la suti. Akasema hatupotezi muda hapa, yeye atamaliza kesi. Akachukua kigoda, akakiweka chini ya taa. Akazima swichi, kwa mwiko, nadhani ni mazoea ya nyumba ile. Akapanda, akafungua balbu.

"Nitaingiza kidole kwenye holda mbele ya ukoo mzima. Nisipopigwa, mama anapanda gari."

Maneno ya mama yalinirudia yote kwa pamoja na nikayaelewa. Nikaruka kutoka kwenye kiti napiga kelele, "Kaka, shuka! Holda ina moto!" Wajomba wawili wakanikamata, eti naingilia ushahidi.

Akaingiza kidole.

Kimya.

Akakizungusha kidole mle ndani, akatugeukia anatabasamu. "Mmeona? Imezimwa, haipigi! Andika, mwenyekiti!"

Mwenyekiti akaanza kuandika, halafu akasita, akaangalia ukutani ilipokuwa inachaji simu yake.

"Mbona simu yangu imeacha kuchaji?"

Na redio ya jikoni ilikuwa imenyamaza. Watu wote tukageuka kuangalia koridoni, kwenye meni swichi, ile inayokata umeme wa nyumba nzima.

Mama alikuwa amesimama pale, mwiko mkononi, meni ameishusha chini.

"Sizai mwingine mimi," alisema. "Kama ni kwenda Hedaru nitakwenda, lakini simziki mtoto kwa sababu ya ubishi."

Aisee.

Kaka akashuka. Nikamwomba mwenyekiti ruhusa na safari hii alinipa bila mwongozo wowote. Nikarudisha balbu meni ikiwa bado chini. Nikavaa raba kavu, nikajifuta mikono, nikamwambia mama apandishe meni. Kwanza nikaijaribu testa kwenye soketi nzima, ikawaka, maana testa mbovu itakuambia hakuna moto na utakufa ukiiamini.

Kisha nikagusisha ncha yake kwenye skrubu ya kifuniko cha swichi, taa ikiwa imewashwa. Testa kimya.

Mama akazima taa kwa mwiko. Testa ikawaka.

Akawasha, ikazimika. Akazima, ikawaka. Tulirudia mara tano kwa sababu kila mjumbe alitaka kuona kwa macho yake, na shangazi alitaka mara mbili.

Kilichotokea ni hiki. Swichi inatakiwa ikate waya wa moto. Kaka aliifunga ikate nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme. Kwa hiyo ukizima, taa inazimika vizuri tu, lakini moto umebaki kwenye holda, unapita kwenye balbu, unarudi mpaka kwenye swichi unasubiri mtu. Tukashusha meni, nikapima tena, nikafungua kifuniko: waya umelegea na unagusa skrubu. Na ukuta ule ukilowa ukungu, kamoto kanavuja kidogo, balbu inachungulia. Yaani mama alitueleza hitilafu yote, neno kwa neno, na sisi tukamjibu kwa kirikuu.

"Nani alifunga?" mwenyekiti akauliza, kalamu juu.

Kaka alikuwa amekaa kizingitini anaangalia kile kidole chake. Mama akamletea bakuli la makande, akamwekea mapajani. Hapo ndipo kaka alipolia.

Mimi sikugusa nyaya zaidi ya hapo. Tulizima breka ya taa, tukabandika karatasi USIWASHE, na baba mdogo akaitia saini. Jumatatu fundi mwenye leseni alipanda kutoka Same, akageuza nyaya, akaweka swichi mpya, akatuwekea na arthi, waya wa kupeleka umeme ardhini, ambayo kumbe haikuwepo. 

Kirikuu kilirudi Hedaru na mikungu mitatu ya ndizi. Kitanda kipo pale pale.

Nilichojifunza, wakuu: swichi ikikupiga usiizoee, na usiibishie. Shusha meni, hakikisha na testa uliyoijaribu kwanza, halafu ita fundi wa kweli. Kuzima ukutani peke yake sio kuzima. Na mzee akikwambia kitu cha ajabu, kapime kwanza ndipo ucheke.

Mwenye swichi yenye tabia kama hizi aje atusimulie hapa chini, na mafundi mnisahihishe nilipokosea. Wa kututukana Wapare mpange foleni.

Muhtasari ulisomwa kwa sauti kabla ya kufunga. Kwenye mengineyo mama aliomba kiandikwe kitu kimoja, kikaandikwa, na jana amenipigia kuhakikisha nimekileta na huku: hana wazimu.