Felo wa Kutu

Mama mtu alikuwa amezamisha mikono yote miwili kwenye beseni la mashuka pale binti yake alipoingia mbio, simu bado mkononi.

"Mama, nimekuwa felo!"

Mashuka yakaachwa. Mama akajifuta povu kiunoni na kumkazia macho.

"Umefeli?"

"Sijafeli, mama. Nimekuwa felo. Wamenichagua."

"Wamekuchagua ufeli?"

"Felo, mama! Ni mtu anayelipiwa asome shahada ya juu, afanye utafiti wake bila kuhangaika."

"Sasa hao wenye hela zao wamekosa jina jingine? Kufeli na felo si mtu na ndugu yake?"

Kuta za nyumba zile zilikuwa nyembamba. Jirani wa chumba cha pili, mke wa fundi saa, alikuwa amedaka neno moja tu, na kabla povu halijakauka alishafika mlangoni na uso wa msibani.

"Pole, mwanangu. Usijifungie ndani ukalia peke yako. Mitihani ipo tu, utarudia."

Mama na binti walicheka mpaka wakakaa chini. Ingekuwa vema wangecheka kidogo, maana jirani yule, kwa kusikia vibaya, alikuwa amesikia sawasawa.

Binti mwenyewe mtaani walishamzoea kwa jina la Bi Kutu. Jina hilo alilipata kwa haki. Mama yake alikuwa dobi, na safu nzima ya nyumba zile ilitumia tangi moja la chuma lililokaa juu ya paa. Asubuhi moja, binti akiwa bado mtoto wa shule, bomba lilitoa maji mekundu. Sare nyeupe za wauguzi, zilizokuwa zimelowekwa tayari, zikatoka na madoa kama ya chai. Mama akazifua upya, akazichemsha, akazipiga ndimu na chumvi, akazianika juani. Madoa yakakaa palepale kana kwamba yamelipa kodi ya pango. Wauguzi wakahamia kwa dobi mwingine, na wengine wakawafuata.

Fundi akaja, akaziba tundu. Tangi likatoboka tena pembeni kidogo. Akaziba. Likatoboka. Mtoto akapanda kuangalia, akagundua kwamba matundu yote yako kwenye mstari mmoja, pale maji yanapokutana na hewa. Chini kabisa, ambako maji hayaondoki usiku wala mchana, chuma kilikuwa kizima. Akamuuliza fundi kwa nini.

"Chuma kikichoka kimechoka," fundi akasema, akakusanya vifaa vyake.

Jibu hilo mtoto alilikataa, na alilikataa mpaka chuoni.

Chuoni alimkuta profesa mmoja wa kale, mkali, mwenye koti lililotobolewa na tindikali. Kwenye maabara ya mzee yule hukupewa kiti kabla hujaosha chupa. Uliosha chupa muhula mzima. Yeye aliinua kila moja dirishani, na akiona mchirizi aliirudisha mbele yako bila neno. Siku aliporidhika alikupa ufunguo wa kabati la vifaa, na sherehe ikawa imekwisha. Hakumuuliza mtu kwao kuna nini. Akiona umedhoofu, kipande cha mkate kilionekana kwenye droo yako, na ole wako uende kushukuru. Ndivyo watu walivyofundishwa kazi, na kazi waliijua.

Profesa akastaafu. Ukuta wa maabara yake ukavunjwa, pakawekwa kioo. Kabati likatolewa, pakawekwa makochi ya rangi za peremende. Na mlangoni pakabandikwa maandishi makubwa: Kituo cha Vipaji. Hapo ndipo Bi Kutu alipoitwa kwenye usaili wa ufelo.

"Karibu, dada," alisema mwenyekiti wa jopo. "Kwanza, tuelezee safari yako."

"Nimekuja na basi," Bi Kutu akasema. "Limechelewa kidogo pale kwenye mataa."

Wakacheka kwa upole, ule upole wa watu wanaomcheka mgonjwa. Wakamfafanulia kwamba safari maana yake ni maisha. Basi akaanza na tangi na mstari wa maji. Mama mmoja wa jopo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, akamnyooshea kiganja.

"Kutu tutaifikia. Tuambie kuhusu mama yako, siku ile nguo zilipoharibika. Alikuwa analia?"

"Mama yangu? Alikuwa anatukana."

Jopo likainama kuandika. Kisha kijana aliyekaa mwisho wa meza, mwenye kompyuta nyembamba kama sahani, akauliza kama utafiti huo hauwezi kutumia akili bandia, kwa sababu ndiyo inayopendwa sasa.

"Tuanze na hii ya kawaida," Bi Kutu akasema. "Haijajaribiwa bado."

Hilo nalo wakaliandika, wakaliita kujiamini. Akachaguliwa. Mwaka uliotangulia walikuwa na mtoto wa muuza mkaa, na mtoto wa dobi walikuwa hawajapata.

Msimamizi wa ufelo aliitwa Mratibu mbele ya macho, na nyuma ya mgongo mafelo walimwita Bwana Athari. Kila alichoambiwa alikijibu kwa neno hilo. Ukimwambia mizani imeharibika, atauliza athari yake kwa jamii ni ipi. Mwenyewe aliwahi kuanza shahada ya fizikia akaiacha njiani, na tangu hapo akawa mtaalamu wa kuwasaidia wanaoimaliza. Suti zake zilimbana kiasi kwamba alikaa kwa awamu.

Chini yake mafelo walipewa mikoba, chupa za maji na fulana zenye nembo. Walipelekwa hotelini kufundishwa uongozi. Nani aongozwe, hilo halikusemwa, kwa kuwa kila aliyekuwamo ukumbini alikuwa kiongozi. Walifundishwa kusimulia utafiti wao ndani ya muda wa kupanda lifti, wakati nusu yao majengo wanayofanyia kazi hayakuwa na lifti. Walipigwa picha wakiwa na makoti meupe, wameinua chupa zenye maji ya rangi na kuzitazama kama mtu anayemtazama mchumba. Bi Kutu, ambaye kazi yake haikuwa na chupa wala rangi, aliazimwa chupa ya buluu.

Kazi yake yenyewe ilikuwa juu ya mapaa. Alikata vipande vya chuma, akavining'iniza ndani ya matangi ya mitaa mbalimbali: vingine juu ya maji, vingine kwenye mstari, vingine chini kabisa. Kila kipande alikifunga uzi wa rangi yake, kwa alama alizojifunza kwa mama. Dobi hushona uzi mdogo ndani ya kola ili shati la mwalimu lisiende kwa kinyozi, na macho ya mama yalizisoma nyuzi hizo kuliko gazeti. Wino ungefutika majini. Uzi ulibaki. Nyekundu ni mstari wa maji, kijani ni chini, mafundo mawili ni tangi la hospitali, na kadhalika. Kisha akaacha kutu ifanye kazi yake. Mvua zikaja zikaenda, kiangazi kikaja kikaenda. Alikuwa akipanda ngazi, anachungulia, anashuka. Hakugusa.

"Unafanya nini huko juu?" Bwana Athari alimuuliza kwenye simu.

"Nangoja."

"Kungoja tutakuandikaje, dada yangu?"

Hatimaye vipande vikaiva. Akavishusha kimoja kimoja kama mayai, akavipanga kwenye meza yake ya maabara, kila kimoja na uzi wake. Vilikuwa vibaya ajabu: vimevimba, vimebabuka, vingine vina magamba ya rangi ya chungwa, vingine vina matundu meusi ya ukubwa wa kichwa cha pini. Bi Kutu alivitazama kimoja baada ya kingine. Jibu la swali la utoto wake lilikuwa ndani ya magamba yale, tabaka juu ya tabaka, na tangi lililolitoa kila gamba lilijulikana kwa uzi wake. Siku ya kuanza kuvikata na kuvipima akaitwa ukumbini. Wafadhili walikuwa wanakuja kesho yake, na felo wa kutu alikuwa hajafanya mazoezi ya hotuba.

"Vipande vyako vitawekwa kwenye meza ya maonyesho," Bwana Athari akamwambia. "Nimevipitia. Dada, vinatisha."

"Ni kutu, kaka."

"Naelewa. Lakini kuna kutu na kutu."

Bi Kutu hakumsikiliza vizuri, alikuwa anahesabu hatua za kupanda jukwaani kama alivyofundishwa. Aliporudi maabara jioni alimkuta mhudumu wa ofisi, mtu mzima mwenye heshima zake, amekunja mikono ya shati na jasho likimtiririka. Brashi ya waya ilikuwa mkononi. Ndoo ya siki ilikuwa miguuni. Mezani, vipande vyote vilimeta, vimepangwa kwa urefu, vidogo mbele na virefu nyuma, kama watoto wanaopigwa picha ya darasa.

"Dokta, karibu ujitazame," mhudumu akasema kwa furaha. "Nimevisugua mpaka vinaonyesha sura. Mratibu kasema wageni wasikute uchafu."

Bi Kutu akashika ukingo wa meza.

"Nyuzi ziko wapi, mzee wangu?"

"Zile kamba chafu? Nimezikata, nikazichoma pamoja na takataka. Usihofu, kipande hata kimoja hakikupotea."

Hakumfokea. Mzee yule aliambiwa asafishe, akasafisha, na alisafisha vizuri kuliko alivyosafisha mtu yeyote katika jengo lile kwa miaka mingi. Bi Kutu aliokota kipande, akakigeuza. Kingeweza kutoka tangi la hospitali au la shule, juu ya maji au chini ya maji. Kilikuwa chuma tu. Akakaa kwenye kochi la rangi ya peremende akalia, na mhudumu, asiyejua kosa, akamletea maji ya kunywa.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mama mtu aliletwa kwa gari la chuo akawekwa kiti cha mbele, kwa sababu picha bila mama isingekamilika. Bwana Athari akapanda jukwaani, akainua kipande kinachometa, taa zikakipiga, kikatupa mwanga mpaka kwenye dari.

"Waheshimiwa, felo wetu alizaliwa katika kutu. Leo ameishinda kutu! Tazameni!"

Makofi. Akamkabidhi Bi Kutu kipaza sauti, na kumnong'oneza, "Tabasamu."

Hapo bado angeweza kupona. Hotuba aliijua kwa moyo, wafadhili walikuwa wametabasamu tayari, na shahada ilikuwa karibu. Angesema asante ashuke.

"Sijashinda chochote," akasema. "Vipande hivi vilikuwa na kutu ya miaka. Jana vimesuguliwa kwa brashi na siki ili ninyi msione uchafu. Utafiti wangu ulikuwa ndani ya uchafu huo. Sasa sina utafiti. Hapa nimeshika vyuma tu."

Kisha mfadhili mmoja mnene wa safu ya mbele akaangua kicheko, wa pembeni akamfuata, na ukumbi mzima ukacheka na kusimama na kupiga makofi. Ucheshi ulioje! Unyenyekevu ulioje! Katika watu wote wale waliosoma, aliyeelewa alikuwa mama tu. Alikaa na mkoba wake mapajani, anamtazama mwanawe kama alivyozitazama sare za wauguzi siku ile.

Wakampa ngao ya Felo Bora.

Siku iliyofuata alikwenda ofisini kwa Bwana Athari kuomba muda aning'inize vipande vingine.

"Muda haupo, dada. Awamu yenu inafungwa. Awamu ijayo ni ya anga."

"Anga?"

"Setilaiti. Lakini usiogope, ripoti yako tunaihitaji. Si ulikuwa unavichungulia kila mara? Andika unavyokumbuka. Kadiria. Nani atakwenda kupanda mapaa kuhakikisha?"

"Hakuna."

"Basi!"

"Ndiyo maana siwezi," Bi Kutu akasema.

Bwana Athari akamtazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemwona mwenzake akikataa dawa. Akamweleza kwamba bila ripoti hakuna shahada, na bila shahada ngao ile ni ya kupambia ukuta. Bi Kutu akaiweka ngao mezani pake, akaaga kwa adabu. Mwaka huo mafelo wengine wote walihitimu. Baadhi yao ni wakubwa sasa, wanakaa kwenye majopo na kuwauliza vijana safari zao. Walichogundua hakuna anayekumbuka, wao wenyewe wakiwa wa kwanza.

Bi Kutu akapata vipindi vya kufundisha kwenye shule ya ufundi, mshahara wa kuchekesha. Jumamosi moja akapanda tena paa la nyumbani na vipande vipya, huku mama ameshikilia ngazi chini.

"Safari hii mpaka lini?" mama akauliza.

"Mpaka viive."

"Na hao wa vipaji?"

"Wameenda angani."

"Wakae hukohuko," mama akasema, akatema mate pembeni.

Kelele zikamtoa mke wa fundi saa ndani. Akainua uso, mkono juu ya macho kukinga jua. Bi Kutu akamwambia kutoka juu kwamba ameweka vyuma ndani ya tangi, na kwamba asiviguse mtu, si mkubwa si mtoto.

"Hata vikichafuka?" jirani akauliza.

"Hasa vikichafuka."